Kuwasiliana na Nyumbani Ukiwa Vitani: Mwongozo Kamili kwa Anayekwenda na Anayebaki

Familia nyingi za askari hukwama mahali pamoja. Anayekwenda huaga kwa ahadi: "Nitapiga kila jioni." Siku tatu za kwanza anapiga kweli. Siku ya nne simu haipatikani. Siku ya tano mama hali, mke halali. Siku ya saba shemeji amebandika mtandaoni picha ya askari, jina la kikosi na ombi la "mwenye habari zake atujulishe". Siku ya tisa askari anapiga. Alikuwa mahali pasipo na mtandao, basi.

Tatizo hapo ni ahadi. Kimya chenyewe hakikuwa na kosa. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na sijui msemo mwingine uliokosesha familia za askari usingizi kama huo. Vitani kimya ni hali ya kawaida, kama mvua wakati wa masika. Anayebaki akishajua hivyo kabla ya safari, karibu kazi yote imekwisha. Iliyobaki ni maandalizi, nayo yamepangwa hapa hatua kwa hatua. Mengi hufanyika kabla ya siku ya kuondoka, kwa hiyo usisubiri begi liwe mlangoni.

## Vitu vya kuandaa

- Madaftari mawili madogo, moja lako na moja la nyumbani.
- Karatasi nyepesi, bahasha, na kalamu za risasi. Wino hugoma kwenye baridi kali na huchuruzika ukilowa. Kalamu ya risasi haina shida hizo.
- Mifuko ya plastiki ya kufunga kwa zipu, ya kuhifadhia barua na simu.
- Ukiruhusiwa kubeba simu, iwe tupu: isiwe na akaunti za benki, picha za miaka mitano, wala mazungumzo ya zamani.
- Pawa benki na nyaya mbili. Waya mmoja utapotea au utaazimwa usirudi.
- Karatasi ya taarifa zako, nakala mbili: jina kamili kama lilivyo kwenye kumbukumbu za jeshi, cheo, namba ya utumishi, tarehe ya kuzaliwa, kikosi, na anwani ya posta ya jeshi.
- Namba ya simu ya ofisi ya kikosi inayobaki nyuma kuhudumia familia.
- Mtu mmoja mtulivu. Huyu hanunuliwi, na ndiye muhimu kuliko vyote hapo juu. Nitamweleza kwenye hatua ya tatu.

## Hatua ya 1: Uliza kinachoruhusiwa

Kila jeshi lina amri zake kuhusu simu, barua, picha na mitandao ya kijamii, na amri hizo hubadilika kadiri unavyosogea mstari wa mbele. Kinachoruhusiwa kambini nyuma kinaweza kuwa kosa la kijeshi kilomita arobaini mbele.

Muulize mkubwa wako maswali manne: Simu binafsi zinaruhusiwa wapi na wapi haziruhusiwi? Barua zinapitia anwani gani? Je, barua hukaguliwa? Familia ikiwa na dharura, ipige simu wapi?

Majibu yaandike kwenye madaftari yote mawili. Ukiyaacha kichwani utaondoka nayo, na aliyebaki hatakuwa nayo.

## Hatua ya 2: Maliza karatasi za ndugu wa karibu

Fomu ya ndugu wa karibu ndiyo inayoamua nani ataambiwa kwanza ukiumia. Wengi huijaza siku ya kuandikishwa na kuisahau. Miaka sita baadaye fomu bado ina namba ya simu iliyokufa na nyumba mliyohama zamani.

Hakikisha anwani, namba za simu na jina la wa kuarifiwa ni za leo. Kama umeoa au umeolewa, umeachana, au mzazi uliyemwandika amefariki, rekebisha. Weka na mtu wa pili, maana wa kwanza anaweza kuwa safarini au hospitalini.

Malizana pia na mambo ya fedha: mshahara unaingia wapi, nani anaruhusiwa kuutoa, bili zipi zinajilipa zenyewe. Kama mwenzako atahitaji hati ya uwakili ili atie saini badala yako, itafute sasa. Nasisitiza jambo hili katika mwongozo wa mawasiliano kwa sababu nimeona mara nyingi dakika tano za simu kutoka vitani zikiliwa zote na swali la nywila ya akaunti. Askari anakata simu bila hata kuuliza mtoto amelala saa ngapi.

## Hatua ya 3: Kaeni chini mkubaliane kuhusu kimya

Hii ndiyo hatua inayorukwa. Watu wanaona ni uchuro kuzungumzia ukimya kabla mtu hajaondoka. Kaeni hivyo hivyo. Chukueni saa nzima, simu mbali, watoto wamelala.

Ahidianeni siku, msiahidiane saa. Badala ya "nitapiga kila Jumapili", semeni: "Ukinisikia hata mara moja ndani ya siku kumi, mambo ni ya kawaida." Idadi ya siku mwulize aliyewahi kutumikia eneo au kazi kama hiyo, kisha izidishe mara mbili. Dirisha hilo la siku za kusubiri likiwa pana, kila simu inayowahi ni zawadi. Likiwa jembamba, kila simu inayochelewa ni msiba.

Chagueni mpokeaji mmoja. Vitani unaweza kupata dakika tano na foleni ya watu ishirini nyuma yako. Huwezi kumpigia mama, mke, kaka na rafiki. Piga kwa mmoja, naye awape wengine. Mpokeaji si lazima awe anayekupenda kuliko wote. Awe yule asiyetia chumvi, asiyebandika mtandaoni, na anayeweza kusema "hajambo, amewasalimu" bila kuongeza "lakini sauti yake sikuipenda". Kama mpokeaji ni mke na mama anahisi amewekwa pembeni, mpe mama barua yake, iandikwe jina lake peke yake. Barua ya mtu binafsi hutuliza kuliko simu ya kugombania.

Tungeni ujumbe mfupi wa salamu. Sentensi moja ambayo ikifika peke yake inatosha: "Nimzima, nawapenda, nitaandika." Katika Vita Kuu ya Kwanza askari wa Uingereza walipewa kadi zilizochapishwa sentensi kama "niko mzima" na "nimelazwa hospitali". Kazi yao ilikuwa kukata zisizohusika na kutia saini, na kadi iliyoongezwa neno lolote iliharibiwa. Zinaonekana kama kadi za ubahili, lakini nyumbani zilipokewa kwa machozi ya furaha, kwa sababu mwandiko wa saini ulikuwa ushahidi tosha. Ujumbe wenu ufanye kazi hiyo hiyo. Anayebaki asikasirike kwamba ni mfupi.

Pangeni ngazi za kusubiri. Ndani ya dirisha, hakuna anayefanya lolote. Dirisha likipita, mpokeaji pekee ndiye anayehesabu siku nyingine, tuseme tano. Zikipita hizo, mpokeaji, si ukoo mzima, anapiga simu ofisi ya nyuma. Yaandikeni. Mtu mwenye hofu hakumbuki makubaliano ya mdomo.

Wekeni swali la utambulisho. Liwe swali ambalo jibu lake halipo mtandaoni wala kwenye simu: mlicheka nini siku fulani, kiti kipi kilivunjika. Mtu akipiga au akiandika akidai ni wewe, au anatumwa na wewe, aulizwe. Sasa hivi sauti ya mtu inaweza kuigizwa kwa kompyuta, kwa hiyo "sauti ilikuwa yake kabisa" si ushahidi tena.

Zungumzeni habari mbaya. Ikija, nani atakuwa na mama? Nani atawachukua watoto? Dakika kumi tu, kisha fungeni mada. Kama unataka kuacha barua ya mwisho, iandike, ifunge, mkabidhi mtu wa nje ya nyumba. Usiiweke kabatini ambako mwenzako ataiona kila anapotafuta shuka.

Mmefanikiwa pale ambapo anayebaki anaweza kujibu bila kusoma: nasubiri siku ngapi, kisha nampigia nani? Akibabaika, rudieni.

## Hatua ya 4: Itengeneze simu kabla haijawa hatari

Simu iliyowashwa hutafuta mnara wa mtandao hata kama hupigi, na kila inapotafuta inatoa mawimbi. Adui mwenye vifaa vya kunasa mawimbi hahitaji kusikia unachosema. Anahitaji kuona simu mia mbili zimerundikana mahali ambapo juzi hapakuwa na simu hata moja.

Usiku wa kuamkia 1 Januari 2023, jengo walimokuwa wanajeshi wa Urusi huko Makiivka, mashariki mwa Ukraine, lilipigwa kwa makombora. Wizara ya Ulinzi ya Urusi ilikiri kupoteza askari 89, ikasema chanzo kikuu ni askari wengi kutumia simu zao kinyume cha amri. Wapo waliopinga maelezo hayo, wakisema lawama walitupiwa wafu ili makamanda wapone. Vyovyote iwavyo, ulikuwa usiku wa mwaka mpya, usiku ambao kila mtu anataka kupiga nyumbani. Adui anajua sikukuu ni lini.

Fanya haya:

1. Zima huduma ya mahali kwa simu nzima, kisha ingia kwenye kamera uhakikishe nayo imezimwa. Picha nyingi za simu hubeba ndani yake alama za ramani zinazoonyesha mahali zilipopigwa. Programu nyingi za ujumbe hufuta taarifa hizo ukituma picha kwa njia ya kawaida, lakini ukiituma kama faili, zinaondoka nayo.
2. Ondoa programu za mazoezi, na saa ya mkononi inayohesabu hatua iache nyumbani. Mwishoni mwa 2017 kampuni ya Strava ilichapisha ramani ya dunia ya njia wanazokimbia watumiaji wake. Januari 2018 watu waligundua kwamba katikati ya jangwa zinaonekana waziwazi duara za kambi za kijeshi, zilizochorwa na askari wakikimbia asubuhi.
3. Badilisha majina kwenye orodha ya namba. Usiandike "Mke wangu", "Mama", "Baba". Simu ikiangukia mikononi mwa adui, namba za kwanza kupigwa ni hizo, na anayepigiwa anaweza kutishwa, kudhihakiwa au kulaghaiwa.
4. Washa ufutaji wa ujumbe baada ya muda, na funga simu kwa namba ndefu badala ya uso au kidole. Uso na kidole unaweza kulazimishwa.
5. Usinunue laini ya simu ya eneo la vita bila ruhusa.

Onyo kuhusu jambo linalopotosha wengi: programu zinazoficha ujumbe kwa msimbo huficha maneno. Haziifichi simu yenyewe. Ukiambiwa zima, zima. Na hali ya ndege si ruhusa ya kuibeba mahali ilipokatazwa.

## Hatua ya 5: Jueni yasiyosemwa

Usitaje ulipo, unakoelekea, lini mnahama, mko wangapi, mna silaha gani, nani kamanda wenu, nani kaumia, wala lini unarudi. Nyumbani wasiulize hayo pia. Kipande kimoja hakina maana, lakini adui hakusanyi kipande kimoja. Mke mmoja akiandika "wanavuka kesho", mwingine "mume wangu hatakuwa hewani wiki hii", wa tatu akaweka hesabu ya siku za kurudi, mpango umekamilika.

Picha nazo husema. Mlima ulio nyuma, kibao cha barabara, urefu wa kivuli, aina ya nguzo za umeme: wapo wanaopata mahali kwa vitu hivyo tu. Ukipiga picha ya kutuma, piga ukuta mtupu nyuma yako.

Msitunge lugha ya siri ili kupenyeza mahali ulipo. Najua inavutia: "nikisema mvua, niko kaskazini." Wakaguzi wa barua wanazijua mbinu hizo, na ukikamatwa hutaeleweka ulikuwa unampenda mkeo. Utaeleweka ulikuwa unatoa siri.

Sasa swali huja: nikishatoa yote hayo, nibaki na nini cha kusema? Mengi. Unachofikiria ukiwa zamu usiku. Mwenzako anayekoroma (bila jina). Kitabu unachosoma. Ndoto uliyoota. Maswali kuhusu nyumbani, tena madogo: mlango ule bado unalia? Familia hazikuulizi mahali kwa sababu zinataka ramani. Zinataka kukuona kichwani, na hiyo sauti ya mkorofi anayekoroma inawaonyesha zaidi ya jina la mji.

## Hatua ya 6: Andika barua, na kila barua ipe namba

Barua bado ni chombo bora. Haihitaji betri, haitoi mawimbi, inasomwa mara kumi na tano. Lakini watu huivuruga kwa kukosa jambo moja dogo: namba.

Barua za vitani hazifiki kwa mpangilio. Ya tarehe 20 inaweza kutangulia ya tarehe 3. Mtu anasoma "kidole kimepona sasa" kabla hajajua kuna kidole kilichoumia, na hapo usiku unaharibika. Au anasoma majibu ya ugomvi mliokwisha kupatana.

Kwa hiyo:

1. Juu ya kila barua andika namba na tarehe: "Barua ya 7." Nyumbani nao waanze hesabu yao.
2. Kwenye daftari andika namba, tarehe na mstari mmoja wa kilichomo.
3. Mwanzoni mwa barua taja ya mwisho uliyopokea: "Nimepata yenu ya 4, ya 3 haijafika." Hapo kila upande unajua kilichopotea na unaweza kukirudia.
4. Ukurasa mmoja au miwili yatosha. Barua fupi kila wiki ni bora kuliko kurasa kumi baada ya miezi miwili.
5. Anwani iandike jinsi ulivyopewa na jeshi, herufi kwa herufi. Usiongeze jina la nchi au mji ulipo kwa nia ya "kuisaidia posta".

Kwa anayebaki: andika hata wakati hujajibiwa, kwa kuwa barua si ping-pong. Andika mambo ya kila siku yanayokuchosha wewe. Mfereji ulioziba na mtoto aliyekataa shule ndivyo vinavyomfanya aliye mbali ajisikie bado yumo ndani ya nyumba. Msifiche matatizo yote, maana askari hunusa barua iliyopakwa sukari na hubaki akikisia lililofichwa. Kipimo changu ni hiki: tatizo ambalo limeshapata ufumbuzi, au linaloendelea kushughulikiwa, liandike. Tatizo ambalo hawezi kulifanyia lolote na halihitaji uamuzi wake, mpe kwanza mpokeaji au mzee wa kuaminika alibebe. Kifo au ugonjwa mzito wa mtu wa karibu usiupitishe kwa ujumbe wa simu. Pitia ofisi ya kikosi, ili aambiwe na mtu aliye karibu naye, si akiwa peke yake zamuni na bunduki.

Ugomvi usiandikwe usiku. Uandikwe asubuhi ya siku ya pili, na mara nyingi asubuhi hiyo hutauandika.

## Hatua ya 7: Tumia vizuri dakika tano za simu

Simu ya vitani ina adabu yake. Anayepiga aanze na "sijambo" kabla ya salamu nyingine zote, kwa kuwa mpaka alisikie neno hilo, wa upande wa pili hasikii kitu. Kisha aseme ana dakika ngapi. Mambo yanayohitaji uamuzi yaje mwanzoni, maana laini hukatika bila kuaga. Mpokeaji awe ameyaandika kwenye daftari, matatu yasizidi. Dakika zilizobaki ni za kupiga soga.

Ikikatika, msihangaike. Kubalianeni mapema kwamba kukatika ni mtandao hadi ithibitike vingine. Mlio ukisikika nyuma, askari asianze kueleza ni nini. "Nitapiga tena" yatosha.

Kuhusu saa, chungeni. Jeshi huhesabu kwa saa ishirini na nne, sisi nyumbani tunahesabu kwa Kiswahili, na juu yake kuna tofauti ya majira ya nchi na nchi. "Saa mbili" imekosanisha watu wengi. Andikeni 20:00, na mtaje ni saa za nyumbani.

Anayebaki asijilaumu kama simu ilikuwa baridi. Mtu aliyetoka doria hana maneno, na wewe uliyesubiri siku tisa umejaa maneno. Vitu hivyo viwili havikutani vizuri kila mara. Barua ndiyo itakayosema yaliyoshindikana.

## Hatua ya 8: Watoto wapewe njia yao

Mtoto mdogo hawezi kuongea na simu kwa kuambiwa "msalimie baba". Atakimbia, na baba ataumia. Mpe kazi: aonyeshe mchoro, ahesabu hadi ishirini, aimbe alichofundishwa. Kabla ya kuondoka, rekodi hadithi kumi fupi kwa sauti yako, ziwe kwenye simu ya nyumbani zichezwe usiku. Hizo hazitegemei mtandao.

Mkubwa kidogo mwandikie barua yake, kwa jina lake, hata mistari minne. Asipewe mzigo wa "wewe sasa ndiye baba wa nyumba". Na asisikie habari za vita kwenye runinga akiwa peke yake.

## Hatua ya 9: Kimya kikizidi

Hatua hii ni yako wewe uliyebaki.

Kwanza jua kwamba majeshi mengi hukata kwa makusudi mawasiliano ya kikosi kizima mtu anapouawa au kujeruhiwa vibaya. Waingereza huita utaratibu huo Minimise. Sababu ni ya ubinadamu: mama asijue kifo cha mwanawe kupitia ujumbe wa mke wa mwenzake. Kwa hiyo kimya cha ghafla cha wote si ishara kwamba ni wako. Sababu nyingine ni za kawaida kabisa: operesheni, kuhama, mnara kuharibiwa, betri, amri ya kuzima simu.

Habari mbaya rasmi katika majeshi mengi huletwa na watu wanaofika mlangoni au kupitia ofisi inayojulikana. Haziji kwa akaunti ngeni ya mtandaoni.

Fuata ngazi mlizoandika:

1. Hesabu siku kuanzia ujumbe wa mwisho kwa kutazama daftari, usikisie. Hofu huongeza siku.
2. Dirisha na siku za ziada zikipita, piga ofisi ya nyuma ukiwa na karatasi ya taarifa zake. Uliza swali moja: "Kuna taarifa yoyote rasmi kumhusu?" Andika jina la aliyejibu, saa na jibu.
3. Ukijibiwa hakuna, uliza lini upige tena, na upige siku hiyo. Kupiga mara tano kwa siku hakuleti jibu la ziada.
4. Usibandike picha, jina la kikosi wala namba yake mtandaoni. Kama ametekwa, unampa anayemhoji majibu ambayo yeye anayaficha.
5. Jihadhari na kurasa zinazoonyesha video za maiti na mateka. Picha hukatwa na kuunganishwa, na ukishaona hutasahau, hata kama haikuwa yake.

Matapeli huwinda kipindi hiki. Atapiga mtu akisema ni daktari wa kijeshi, au mlinzi wa mateka, au "kamanda" anayeweza kumpa likizo ukilipia. Jeshi haliuzi likizo kwa familia, wala halidai ada ya matibabu au usafiri wa majeruhi kwa simu. Uliza swali la utambulisho, kata simu, ripoti. Usimtumie hata nakala ya kitambulisho.

Umefaulu hatua hii kama umelala walau saa chache na hakuna taarifa yake iliyotoka nje ya nyumba.

## Hatua ya 10: Akitekwa au akitoweka

Kama vita ni kati ya nchi na nchi, Mkataba wa Tatu wa Geneva wa 1949 unampa mateka wa kivita haki zinazokuhusu wewe moja kwa moja. Analazimika kutaja majina yake, cheo, tarehe ya kuzaliwa na namba ya utumishi tu. Ndani ya wiki moja tangu afike kambini, hata kambi ya kupitia, anatakiwa aruhusiwe kuandika kadi kwa familia yake na kwa shirika kuu la kutafuta mateka, linaloendeshwa na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu. Baada ya hapo, wakiwekewa kikomo, kisipungue barua mbili na kadi nne kwa mwezi. Barua zake na zako hazilipiwi posta.

Je, pande zote hutekeleza? Hapana, si mara zote. Lakini kujua haki yenyewe kunakusaidia kuuliza kwa usahihi.

La kufanya ni hili. Peleka karatasi ya taarifa zake kwa chama cha Msalaba Mwekundu au Hilali Nyekundu cha nchi yako, uombe kufungua jalada la kumtafuta. Ombi hili halilipiwi. Arifu pia ofisi ya kikosi kwamba umefungua jalada, na toa mawasiliano ya mpokeaji yule yule mmoja, ili jibu lisipotelee kwa ndugu wa tatu. Ukibadilisha namba ya simu au ukihama, wajulishe siku hiyo hiyo.

Katika vita vya ndani ya nchi, hadhi ya mateka wa kivita haitumiki kwa namna hiyo, lakini Msalaba Mwekundu huomba kuwatembelea wanaoshikiliwa na kupeleka salamu za familia pale unaporuhusiwa. Jalada lifunguliwe vivyo hivyo.

Ujumbe unaopita kwa Msalaba Mwekundu huwa wazi na husomwa na wakubwa wa pande zote mbili. Andika habari za familia pekee: nani mzima, nani kazaliwa, shule, afya. Usitaje vita, siasa, kikosi wala waliomteka. Neno moja linaweza kuuzuia usifike. Tumia mwandiko unaosomeka na sentensi fupi, kwa sababu kuna mtu atakayeutafsiri kabla ya kuuruhusu.

Na usianze hesabu upya. Kama barua ya mwisho uliyomtumia ilikuwa ya 23, hii juu yake andika: Barua ya 24.